Mzazi wa Kinamasini

Siku ya kumzika Kaari watu walisema mengi. Mchungaji alisema alikuwa mama wa sala. Koome, mwanetu, alisema alisomeshwa kwa jembe la mama yake. Makandi, jirani yetu, alishika kipaza sauti, akalia tu, akakirudisha. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyemtaja korongo, na mimi siku hiyo mdomo haukufunguka. Sasa miezi imepita na nyumba imenyamaza. Nitasema kidogo.

Mimi sikuingia shule. Kaari alisoma kidogo kule kwao Githongo, kisha akatolewa akachume kahawa. Nilimwona mara ya kwanza kiwandani, kwenye foleni ya kupima, gunia mgongoni. Alikuwa anamwambia karani kwamba mizani yake inapima watu, si kahawa. Akija mnene inapanda, akija mwembamba inashuka. Watu wakacheka, karani akakasirika. Mimi nikamfuata barabarani.

"Wewe una mdomo," nikamwambia.

"Na wewe una masikio," akasema. "Mtu anaweza kuishi na wewe."

Hivyo tu. Uhuru ulikuwa bado mpya. Tukaishi.

Shamba letu liko upande wa Kanyakine, kwenye mteremko. Juu kuna nyumba, katikati mibuni, chini migomba, na chini kabisa kinamasi. Kinamasi kilikuwa cha watu wote. Wanawake walikata nyasi ya ng'ombe kando yake. Katikati hakuna aliyefika. Ni matete, maji ya magoti na ruba.

Halafu ikaja ile mvua ya El Niño. Barabara zilikatika, migomba ikalala, kinamasi kikapanda hadi karibu na mibuni. Mvua ilipokwisha wakaja korongo wawili, wale wa taji la dhahabu kichwani. Kaari alikuwa akikata nyasi akasikia sauti, kama mtu anapuliza pembe ya ng'ombe. Aliacha nyasi pale, akapanda mbio kuniita. Nikaenda, nikaona ndege, nikarudi kwa kahawa yangu. Yeye alibaki.

Mwaka uliofuata alikuja mwalimu mmoja kutoka Embu, Ednah Rwamba. Shule zikifungwa, yeye na wenzake walizunguka kutafuta mahali korongo wanapozaa. Walikuwa watu wa kujitolea, hakuna aliyewalipa. Aliomba kanisani apewe mtu wa kumwonyesha kinamasi. Mchungaji akamtaja Kaari, maana wanawake wengine hawakuwa na viatu vya gambuti.

Walienda asubuhi wakarudi jioni, tope hadi kiunoni, wanacheka kama wasichana waliotoroka kazi. Ednah akala githeri kwetu. Alipoondoka alimwachia Kaari darubini kuukuu, ambayo jicho moja lilikuwa limekufa.

"Mama, kazi yako ni kuangalia tu," alimwambia. "Na watu wasiwasumbue. Nikirudi utanieleza."

Kuanzia hapo, kila Jumamosi akishamaliza kufua, Kaari alivaa gambuti akashuka. Watu walimcheka sana. Nakumbuka Makandi kwenye kisiagi, sote tunangoja unga.

"Mama Koome, hiyo kazi ya kuchunga ndege wanakulipa nini?"

"Silipwi."

"Hata kipande cha sabuni?"

"Hata sabuni."

"Basi Baba Koome alioa mwendawazimu na hakuambiwa."

"Aliambiwa," Kaari akasema. "Akasema atachukua hivyo hivyo."

Kisiagi kizima kikacheka. Mimi nikatazama gunia langu. Lakini nilifurahi.

Jioni ndipo nilipopata yangu. Kaari alikaa kwenye kigoda, akageuza chapati au akachambua maharagwe, akinisimulia. Leo wamecheza. Leo mmoja amemrushia mwenzake kijiti. Leo wamefukuza mbwa wa watu. Nilikuwa najua ndege wale kuliko jamaa zangu wengine, na sikuwa nimewaona tena. Niliwaona kwa mdomo wake. Ilitosha.

Kisha mvua zikakataa. Msimu wa kwanza tukasema itakuja. Wa pili hatukusema kitu. Mahindi yalikauka yakiwa ya urefu wa goti. Kahawa haikuwa na bei hata kama ingezaa. Maji pekee ya karibu yalikuwa kinamasini.

Naibu chifu wetu alikuwa Mithika. Hakuwa mtu mbaya. Aliita baraza akasema watu wanalala njaa na maji yamelala bure. Tutachimba mtaro tuyapunguze, tutakata matete, tutagawa kwa kamba, kila nyumba ipate mahali pa nduma. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Nduma ni chakula.

Kaari hakupiga. Wiki ile ile alikuwa ameona kiota. Korongo walikuwa wamelaza matete katikati ya maji wakatengeneza kama kitanda, na mayai yalikuwa juu yake. Ednah alikuwa amemwambia kwamba maji yakitoka chini ya kiota, mbwa na nguchiro hufika kwa miguu, na hapo mambo yamekwisha.

Akasimama. "Naibu, naomba mwezi mmoja tu. Kuna ndege anaatamia."

Mwanamume mmoja akajibu kutoka nyuma: "Huyo si ndege wa Uganda? Nimemwona kwenye bendera yao. Arudi akazae kwao!"

Baraza likavunjika kwa kicheko. Mithika naye akacheka, kisha akajikaza.

"Mama Koome, wewe una ndege. Sisi tuna watoto. Jumatatu ya wiki ijayo tunaanza."

Kaari akaketi. Watoto walikuwepo kweli, na njaa ilikuwepo.

Jioni ile chakula hakikuwa na chumvi. Nilikula hivyo hivyo. Yeye alikuwa anatazama moto.

"Baba Koome."

"Naam."

"Wewe unaweza kuingia nyumba yenye mzazi?"

"Nikafanye nini? Nipigwe na akina mama?"

"Na jembe begani?"

Nikacheka. "Hata mlevi hawezi."

Kisha akainuka akatia chumvi kwenye sufuria, ingawa tulikuwa tumeshamaliza kula.

Nieleze hapa. Kwetu mwanamke akijifungua tunamwita mzazi, na nyumba ile inakuwa ya wanawake. Wanabeba kuni, maji, ndizi na uji. Wanamwosha, wanampikia, wanamwimbia. Wanaume wanakaa nje, hata mwenye nyumba. Karibu na mlango ule hakuna ugomvi, hakuna kudai kitu. Mama akitoka mwenyewe na mtoto wake, ndipo sisi tunamwona.

Alhamisi ilikuwa siku ya mkutano wa akina mama wa kanisa. Sikuwepo, lakini Kaari alinisimulia, na Makandi alinisimulia, na hawakupishana. Kaari alisimama mwisho, wakati wa matangazo.

"Kuna mzazi hapo chini," akasema, "na wanaume wanataka kumwingilia na majembe."

Wakashtuka. "Ni nani? Ni msichana wa nani?"

"Ni korongo."

Wakacheka hadi benchi moja likaanguka. Kaari aliwaacha wacheke. Kisha akawauliza: amelala kitandani au hajalala? Anangoja mtoto au hangoji? Yuko kwake au yuko kwenu? Kicheko kikapungua. Nyanya Ntinyari, aliyekuwa mkubwa kuliko wote na ambaye alitupokea wengi wetu duniani kwa mikono yake, akagonga sakafu kwa fimbo.

"Mzazi ni mzazi," akasema. "Hata mbuzi humfukuzi akizaa njiani. Mnacheka nini?"

"Lakini nyanya, tutakula nini?" Makandi akauliza.

"Nduma ukipanda leo utakula kesho? Umengoja mvua misimu miwili. Ngoja na ndege mwezi."

Kesho yake walienda kwa Mithika, kundi zima, Ntinyari mbele na fimbo. Mimi nilikuwa njiani na ng'ombe, nikasimama kusikiliza.

"Mithika," akasema, "mimi ndiye nilikupokea ukizaliwa. Siku hiyo baba yako alitaka kuingia achukue panga lake chini ya kitanda. Unajua nilimfanya nini?"

"Sijui, nyanya."

"Angekuwepo angekwambia."

Mithika alitazama wanawake wale. Akanitazama na mimi, kama mtu anayetafuta msaada. Nikamwangalia ng'ombe wangu.

"Mambo ya nyumba ya mzazi mimi siingilii," akasema mwisho. "Akitoka, mniambie. Lakini akitoka tunachimba."

"Akitoka mtachimba," Kaari akasema.

Hivyo korongo akapata siku zake. Tulidhani shida imekwisha.

Wiki iliyofuata Kaari alienda Githongo kumwona dada yake mgonjwa. Akalala huko. Na wanawake, kwa vile walikuwa wamekubali kwamba kuna mzazi, wakafanya yale wanayoyajua. Walipika uji. Walichemsha ndizi na mahindi machache waliyokuwa nayo, ya kwao na watoto wao, katika njaa ile. Wakafunga kuni. Wakashuka kinamasini na viondo mgongoni, wakiimba ule wimbo wa kwenda kumwona mtoto. Niliwasikia kutoka kwenye mibuni. Nilisimama. Wimbo ule ni mtamu, na ulikuwa haujaimbwa muda mrefu. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Korongo aliruka. Mwenzake pia akaruka. Wakazunguka juu wanalia. Wanawake wakaweka chakula ukingoni, wakamwaga uji kidogo majini kwa heshima, wakafurahi, wakakaa chini kumngoja arudi ale. Jua lilikuwa kali. Mayai yakabaki wazi. Na mbwa wa mtaa mzima, wenye njaa kama sisi, wakasikia harufu ya chakula.

Kaari alitokea wakati huo. Alikuwa ameshuka gari barabarani, kitambaa cha safari bado kichwani. Aliona ndege wawili juu na wanawake wote chini. Hakuuliza. Alinipita kwenye mibuni anakimbia. Mimi nikamfuata.

"Wewe baki hapo!" akaniambia bila kugeuka. "Ita mbwa!"

Hata siku hiyo hakusahau kwamba mwanamume hafiki kwa mzazi. Nikasimama kwenye migomba, nikapiga mluzi. Wetu alikuja, na wengine wawili. Mmoja mweusi alikuwa tayari ndani ya maji, tumbo linaelea, anaelekea kwenye matete. Kaari akaingia na nguo zake za safari. Akamshika mkia akamvuta nyuma. Mbwa akamng'ata mkono. Hakumwachia. Makandi naye akaingia, hakuwa na gambuti, ruba au si ruba, wakamtoa.

Damu ilikuwa ikimtoka Kaari mkononi. Makandi akaanza kulia.

"Tulimletea uji, Mama Koome. Tulidhani..."

"Najua."

"Mimi nilileta mahindi ya mwisho."

"Najua. Najua, mama." Kaari akamfunga leso yake Makandi mabegani, kana kwamba Makandi ndiye aliyeng'atwa. Kisha akawaambia wote, polepole: "Mzazi huyu si wa huku. Kwao mgeni haingii. Kwao ukimpenda unakaa mbali na unanyamaza. Njooni."

Akawatoa majini, akawaketisha kwenye kivuli cha migomba, mbele yangu tu. Viondo vikakusanywa. Ntinyari akalala chini kabisa, kama anayejificha adui. Hakuna aliyesema. Nimeenda kanisani maisha yangu yote na sijasikia wanawake wale wamenyamaza hivyo.

Korongo walizunguka. Walienda hadi upande wa barabara wakapotea. Makandi akafunika uso. Kaari alikuwa ameshika darubini niliyomletea kutoka nyumbani, jicho lake moja kwenye jicho zima la darubini. Nilijua anachofikiri. Wasiporudi, mtaro unachimbwa mara moja, na yeye ndiye aliyewaambia akina mama kuna mzazi.

Walirudi. Mmoja alitua mbali kwenye nyasi, akasimama, akatazama kila upande. Kisha akatembea ndani ya maji, mguu kwa mguu, kama mtu anayeingia nyumba anakodaiwa deni. Akakaa.

Kaari akashusha darubini. "Amelala," akasema.

Kuanzia siku hiyo hawakumwacha peke yake. Wawili wawili walikuja asubuhi, wakakaa kwenye migomba yetu, wakisuka viondo. Kazi yao ilikuwa kufukuza mbwa na kumwambia kila mtu apite juu. Huo ndio mwanzo wa kile kikundi cha akina mama wa kulinda korongo. Watu wa mbali waliokuja baadaye walidhani kilianzishwa na ofisi. Kilianzishwa na uji.

Makandi aliyecheka kwenye kisiagi ndiye aliyekuja zaidi ya wote. Na maneno yalikuwa mengi pale, ya chinichini. Siku moja Kaari aliwaeleza kwamba dume na jike hupokezana kukaa kwenye mayai.

"Nini? Mwanamume yumo kwa nyumba ya mzazi?" Ntinyari akasema. "Atoke!"

"Nyanya, kwao ni hivyo."

"Afadhali kwao," Makandi akasema. "Mume wangu Baba Mukiri, mtoto akilia, anaenda kutafuta mbuzi ambaye hajapotea."

Wakacheka huku wameziba midomo kwa leso. Nilikuwa juu natia mbolea. Kaari akaniita kwa sauti ndogo.

"Baba Koome, umesikia? Mume wa korongo anaatamia."

"Mwambie aje achukue na jembe," nikasema. "Nami nikaatamie."

Alicheka hadi akakaa chini. Kile kicheko ndicho ninachokitafuta sasa nikirudi nyumbani jioni. Nafungua mlango nikijua hakipo, na bado nasimama kidogo.

Mayai yalipoanguliwa mimi sikuona. Kaari alikuja jikoni akihema.

"Wametoka wawili. Manyoya kama ya kahawia, miguu kama vijiti vya kiberiti."

"Mmepiga vigelegele?"

"Tungepigaje, na kelele imekatazwa? Tena hatujui kama ni wasichana ama ni wavulana, tungepiga vingapi? Ntinyari amefungua mdomo tu, ulimi unaenda hivi, hakuna sauti. Sote tukafanya hivyo." Akanionyesha. Alisimama mbele ya moto, mdomo wazi, ulimi unacheza, kimya. Alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Mmoja wa wale watoto alipotea. Labda ni nguchiro. Kaari hakula jioni hiyo.

Zikapita siku kadhaa. Nilikuwa nakata matawi makavu ya mibuni nikamwona anapanda polepole, bila gambuti, miguu mitupu. Nikaogopa.

"Ni yule wa pili?"

"Njoo," akasema. "Mzazi ametoka nje. Sasa unaweza kumwona."

Akanishika mkono. Kwetu watu wa umri wetu hawashikani mikono mchana. Tukashuka, tukaketi chini ya migomba. Kwenye nyasi, nje kabisa ya matete, karibu na maharagwe yetu yaliyokauka, walikuwa wakitembea: wakubwa wawili na kitu kidogo kati yao. Baba akikanyaga, kile kidogo kinakimbia. Mama anainama, anampa mdudu. Taji zao zilishika jua.

Nikangoja aseme yeye. Mimi ni mtu wa masikio.

"Nimemwambia Mithika," akasema. "Kesho wanakuja na kamba."

"Watachimba."

"Watachimba. Na mimi nitachimba, tutakula nini? Lakini kando tu. Akina mama wamekataa katikati. Makandi ndiye amesimama mbele ya Mithika, si mimi. Amesema mwanamke akimaliza kuzaa humbomolei nyumba. Atalala wapi mwaka ujao?"

"Naye amekubali?"

"Aliuliza kama Ntinyari yuko karibu. Akaambiwa yuko nje. Akakubali."

Mkono wake, ule ulioumwa na mbwa, ulikuwa bado ndani ya wangu, na kovu lilikuwa gumu kidogo kwenye kiganja changu. Ng'ombe akaanza kulia huko juu, wakati wa kukamuliwa umepita. Nikamwambia ng'ombe analia. Akasema anasikia. Hakuinuka. Nami sikuinuka.